Hatua 640 Hadi Kisimani

Jumatatu, 6 Oktoba 1913

Nimepima tena leo. Kutoka mlango wetu, nyumba ya tisa, kushuka korongo, kupanda korongo, hadi kisima cha misheni: hatua 640. Kurudi vilevile. Loisi mke wangu huenda mara nne kwa siku. Jumla hatua 5,120, nusu yake akiwa na mtungi kichwani, na zote akiwa na mimba ya mwezi wa sita.

Kutoka nyumba ya kwanza, ya Yotham, hadi kisima: hatua 38. Nilirudia mara mbili. Ruthu, mke wa Yotham, alikuwa mlangoni akiniangalia. Akauliza nimepoteza nini. Nikamwambia haki yangu.

Mimi nimehesabu mataruma yaliyolala chini ya reli ya Mdachi kutoka Gulwe hadi Dodoma na sikukosea hata moja. Kusoma nilijifunza mwenyewe kwenye masanduku ya misumari. Nimefika chuo hiki cha walimu wa dini kwa miguu yangu, sikuletwa na mtu. Yotham amelelewa misheni, amekunywa maziwa ya misheni, na nyumba ya kwanza amepewa kwa sababu alinitangulia kufika siku tatu. Siku tatu!

Mwaka jana mimba ilitoka katika mwezi wa saba. Loisi alikuwa katikati ya korongo, mtungi kichwani. Tulimzika mtoto nyuma ya nyumba. Hatujazungumza sana habari hiyo.

Safari hii mwezi wa saba unaanza tarehe 27. Zimebaki siku 21. Kabla ya hapo nyumba ya kwanza iwe yetu. Nimeanza kufikiri.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimempelekea Bwana mkuu wa chuo barua ya kurasa tatu. Hatua zote nimeziandika, za kwenda na za kurudi, kwa siku, kwa juma na kwa mwezi. Nimemchorea hata korongo.

Ameniita mchana. Akasema hajawahi kuona hesabu safi namna hii kutoka kwa mwanafunzi. Nikainamisha kichwa. Akasema kwa kuwa nalijua korongo kuliko mtu yeyote hapa, kila Jumamosi nitalijengea daraja. Juu ya nyumba hakusema neno.

Loisi akaniuliza Bwana kajibu nini. Nikamwambia mambo yanakwenda.

Asubuhi nilimwona Yotham akitoka kisimani na mtungi begani. Mwanafunzi wa dini, mwanamume mwenye ndevu! Nimempa jina darasani: Mke wa Ruthu. Wote wamecheka. Yotham naye kacheka, tena kwa sauti kuliko wote. Imeniudhi.

Loisi hakucheka nilipomsimulia. Akauliza bega la Yotham lina nini ambacho langu halina. Nikamfafanulia kwamba Mgogo akionekana na mtungi wa maji, hata ng'ombe wake hawamtii tena. Akasema hatuna ng'ombe.

Jumamosi, 11 Oktoba

Daraja. Nimechimba peke yangu tangu asubuhi ili kulaza magogo. Ukingo umebomoka, na njia ya zamani imekwenda nao. Sasa wanawake wa nyumba ya saba, ya nane na ya tisa wanazunguka kwa zizi la ng'ombe. Nimepima: hatua 815. Kwa Loisi ni ongezeko la hatua 1,400 kwa siku.

Jioni aliketi kizingitini akijikanda miguu. Imevimba hadi vifundoni. Mlenda hakuugusa. Nikamwambia avumilie, nina mpango wa pili. Akasema ule wa kwanza ungali unamwuma.

Jumanne, 14 Oktoba

Mpango wa pili. Nimeokota gamba la swila, yule nyoka atemaye sumu, huko porini, refu, zima, na macho yake yote. Leo wakati wa ibada ya asubuhi nilitoka kama mtu mwenye tumbo baya, nikaliweka chini ya dari ya Yotham, pale nyasi za paa zinapogusana na ukuta. Mtu mwenye akili hawezi kulala nyumba yenye swila. Atahama. Nyumba itakaa tupu. Mimi nitajitolea kuingia, kwa ushujaa.

Ruthu ameliona kabla ya adhuhuri. Amepiga yowe lililofika hadi nyumba ya tisa. Nimetabasamu kidogo, Mungu anisamehe.

Jumatano, 15 Oktoba

Yotham hakuhama. Amesema nyoka akivua gamba huwa amekwisha kwenda, naye hakimbii nguo ya mtu. Lakini Bibi, mke wa Bwana, ametetemeka sana. Kwa kuwa nyumba ile ipo hatua 38 kutoka kisimani, Bibi amefunga kisima! Hakuna mwanamke kukaribia hadi swila auawe. Maji yachotwe mtoni, kwenye mashimo ya mchangani.

Mtoni ni hatua 2,200. Loisi amekwenda mara mbili. Jumla 8,800.

Mimi nimetiwa katika kundi la kumtafuta swila. Nimechokoa mawe siku nzima, nikitafuta kwa bidii kuliko wote, nikijua hayupo. Yotham alinisifu.

Nimepima pande zote. Nikisema kweli, nafukuzwa chuoni, na hapo hatuna nyumba ya kwanza wala ya tisa. Nisiposema, Loisi anakwenda mtoni. Nimeamua kusubiri. Watachoka kutafuta.

Ijumaa, 17 Oktoba

Bado wanatafuta.

Leo ilikuwa zamu yangu ya kuhubiri kwa majaribio mbele ya Bwana na darasa zima. Somo: kuchukuliana mizigo. Nimepata tisa katika kumi. Moja imekatwa kwa sababu nilitaja uzito wa mizigo yenyewe. Mzee mmoja wa kanisa alifuta machozi. Nilirudi nyumbani nikijisikia mtu mkubwa.

Nikakuta mtungi wetu mkubwa umejaa hadi shingoni. Nikamwuliza Loisi amekwenda mtoni saa ngapi. Akasema hakwenda. Yotham alipita; alimbebea Ruthu maji, akambebea na yeye.

Mtungi wangu! Nyumbani kwangu! Kesho darasa zima litasema Mke wa Ruthu ana waume wawili, au mimi nina mke wa pili mwenye ndevu. Nikaubeba mtungi hadi nje nikayamwaga maji. Ardhi iliyanywa yote kabla sijausimamisha. Hata tope halikubaki.

Loisi alitazama pale chini kwa muda. Akachukua mtungi mdogo na ngata yake, akatoka. Jua lilikuwa limeinamia magharibi. Hatua 4,400 kwenda na kurudi. Nilizihesabu nikiwa nimeketi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Maumivu tangu alfajiri. Kiuno, kisha tumbo. Nimekimbia kumwita Bi Mwamvua, Mrangi wa Kondoa, mkewe mchuuzi wa chumvi, anayekaa nje ya uzio wa misheni. Si mtu wa kanisa, lakini hakuna mke wa mwanafunzi hapa ambaye hajapita mikononi mwake, na Bibi hujifanya haoni.

Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia hadi alipomaliza kazi yake. Amempapasa Loisi muda mrefu. Akatoka nje kunawa, akatafuta maji, hayakuwepo ya kutosha. Akasema mtoto yupo bado. Lakini mwanamke huyu akibeba tena kitu kizito kuliko kisahani, nisimwite yeye, nimwite mchimba kaburi.

Kisha akauliza maji ya hapa anachota nani.

Nikamweleza habari za nyumba ya kwanza, na siku tatu za Yotham, na barua, na hatua 38. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayezungumza na kiziwi: maji ya hapa anachota nani?

Leo amechota Ruthu. Nimekubali, kwa kuwa Ruthu ni mwanamke.

Loisi amegeukia ukutani. Ametuma ujumbe kwao kwa mtu aliyekuwa akipita kwenda huko. Hakuniuliza.

Jumatatu, 20 Oktoba

Ajabu! Swila ameuawa kisimani. Swila wa kweli, mrefu kama mpini wa jembe na nusu. Alikuwa ndani ya mawe ya kisima miaka yote, wanasema. Yotham ndiye aliyempiga.

Kisima kimefunguliwa. Bwana amesema mbele ya wote kwamba tunapaswa kumshukuru Bartolomayo, yaani mimi, kwa kuwa alitafuta bila kukata tamaa hata wengine walipokata. Nimesimama, nimepokea shukrani. Kumbe nilikuwa nimesema kweli bila kujua. Mpango ulikuwa mzuri, ulikosea nyumba tu.

Nilimsimulia Loisi. Hakugeuka.

Jumatano, 22 Oktoba

Shemeji yangu Matonya amefika na punda. Angefika juzi, lakini akida alimkamata njiani akafanyishwa kazi ya barabara ya Mdachi. Ana malengelenge na hasira. Alinisalimu kwa kichwa tu. Amesema mama yao ametandika ngozi tayari, na mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke, jambo ambalo nilipaswa kulijua bila kukumbushwa.

Nikamwomba angoje siku tano tu, nyumba ya kwanza iko karibu sana kupatikana. Akaniuliza karibu kiasi gani. Nikasema hatua 38. Akaendelea kumfunga punda kamba.

Nilimsaidia Loisi kupanda. Mkono wake ulikuwa baridi. Nikamwambia nitamwandikia nyumba ikipatikana. Hapo ndipo aliponitazama, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

"Ungeubeba mtungi mara moja tu, Bartolomayo, ningekaa."

Wameondoka. Vumbi la punda lilikaa hewani hadi nikashindwa kuliona.

Nimefikiri sana maneno yake. Mara moja ni hatua 1,280 kati ya 5,120. Zinabaki safari tatu. Angezibeba nani hizo tatu? Hesabu yake haikubali. Nadhani ni homa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Yotham amekuja mlangoni. Amesema tangu Jumamosi, siku ya maumivu, yeye na Ruthu waliamua kutuachia nyumba yao. Jumanne alikwenda kwa Bwana mwenyewe kuomba ruhusa, Bwana alikuwa amekwenda bomani Dodoma, karudi jana. Ruhusa imetolewa. Tuhamie kesho.

Kisha akaona ngozi ya kulalia ya Loisi haipo. Akasema, "Pole, ndugu yangu."

Nikamwambia asante, tutahamia. Nimesema tutahamia, kwa mazoea.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimehama. Vitu vyote vimekwenda safari mbili. Mtungi mkubwa kaubeba Yotham.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mwezi wa saba umeanza. Nyumba ya kwanza ni yangu. Nimeshinda, ndani ya siku nilizopanga.

Habari kutoka kwao Loisi: amelala, mtoto anacheza, uvimbe wa miguu umepungua. Mama yake anapika. Maji anabeba baba yake. Mkwe wangu, mzee mwenye ng'ombe arobaini! Sijui ng'ombe wale wanamtii vipi.

Mtungi wangu ni mkavu tangu jana asubuhi. Nimemwuliza Ruthu kwa adabu kama angeweza kupita. Amesema sasa yeye yupo nyumba ya tisa na anazunguka kwa zizi la ng'ombe, labda nimjengee daraja. Yotham aliyekuwa nyuma yake na mtungi begani akakohoa ili asicheke.

Kutoka hapa nilipoketi nakiona kisima. Naisikia kamba. Lakini wanawake wamejaa pale kutwa, na wote wana macho.

Basi nimepata mpango. Mianzi! Nitaipasua, nitaiunganisha kutoka kisimani hadi ndani ya mtungi wangu. Hatua 38 ni mianzi 19, mmoja kwa hatua mbili. Nimekwisha kata 12. Loisi akirudi na mtoto hatatoka hata mlangoni, na wataniita mimi, si Yotham, mume anayejali. Nimeanza kumwandikia barua, lakini ulimi umekauka hata bahasha sijaweza kuilamba.

Kuna jambo moja dogo. Nimepima mteremko leo alasiri, na nyumba iko juu ya kisima kwa kimo cha mtu mzima. Maji yatapandaje, nitalifikiria kesho. Leo nina kiu.