Majimoto wa Miti Miwili

Jumatatu, 9 Februari
Kafedha kaja na kazi ya shule. Alete aina nne za sisimizi, hai, kila aina chupa yake, azieleze darasani Ijumaa. Atakayeeleza vizuri, mmoja tu, ndiye atakayekwenda maonyesho ya sayansi. Mwanangu hajawahi kuchaguliwa kitu. Hata uji hakunywa. Nikamwambia mama yako yupo. Niliishia darasa la tatu, lakini sisimizi wa Kisauni hii, yupi anishinde?

Jumanne
Siafu, tayari. Sungusungu, tayari, na kidole kimevimba. Wale wadogo wa sukari hawatafutwi, wanaishi kwangu. Wakabaki majimoto, wale wekundu wa mitini. Nikajipaka jivu mikononi, nikakata kiota kwenye mkorosho wetu. Nusu wakaniingia kifuani! Waliobaki hawajai kiganja, na Luqman wa jirani ana chupa tele. Nikapanda mstafeli wa mamake, Mwanatabu, nikakata kiota cha pili. Akatokea. Akaniuliza taratibu, "Shoga, huko juu wapata upepo?" Nikamwambia nakagua stafeli. Mti huo haujazaa toka nihamie.
Nimewatia wote chupa moja, na sukari. Wenyeji na wageni, wale pamoja.

Jumatano
Wamekufa wote! Vichwa huku, miguu kule. Kafedha kalia, kisha kachukua daftari akawahesabu. Kitabu chake chasema wa kiota kimoja ni watoto wa mama mmoja, hujuana kwa harufu. Wa mama mwingine ni adui. Na wanaofanya kazi zote ni wa kike. Hilo halikunishangaza. Lakini dume hutoka kwenye yai lisilo na baba! Nikamwambia hata mtaani kwetu wapo.

Alhamisi
Nimechimba kichuguu cha nyuma ya choo asubuhi nzima. Nimempata malkia wa mchwa, mnene kama kidole gumba. Si sisimizi mweupe huyu? Kafedha alipokuwa akioga nikamtia malkia kwenye mfuko wake wa shule, ndani ya chupa ya nne. Sikumwambia, asije akaogopa.

Ijumaa
Nilichungulia dirisha la darasa. Mwalimu Tinga akainua chupa ya nne, akaguna. Akasema mchwa si sisimizi kabisa, jamaa zake ni mende. Darasa likacheka, Luqman kuliko wote. Nilitamani ardhi inimeze. Mwanangu akafungua daftari.
"Mwalimu, majimoto sina. Mama aliwachanganya wa miti miwili, wakauana. Nimewahesabu."
Akaeleza vita vyote, harufu, mama wawili. Hakucheka mtu. Mwalimu akaandika jina moja ubaoni. Lake! Nikapiga vigelegele pale pale. Mlinzi akanitoa.

Jumamosi
Mwanatabu kaleta mahamri, kanipongeza kwa moyo safi. Namhurumia, hajui kilichotupa ushindi ni yule malkia wangu. Mende, mende gani! Maonyesho ni Jumatano. Malkia nimemhamishia kwenye ndoo kubwa, na asione upweke nimemtilia kiota kizima cha majimoto. Kafedha bado hajui. Atafurahi.