Hasira za Mshambuliaji Wetu

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata njia ya kumng'oa shemeji kwenye uenyekiti wa klabu. Imo katika masimulizi ya vita ya Wagiriki wa kale, ambayo nimeyasoma hadi katikati. Shujaa wao anagombana na mfalme, anajifungia hemani, hapigani tena. Jeshi linachakazwa. Shujaa wetu ni Kombora, mshambuliaji. Mfalme ni shemeji. Tukifungwa Jumamosi, wanachama watamtimua kwenye uchaguzi wa Jumapili. Makamu ni mimi. Kazi kwisha.

Jumanne, 4 Machi
Nimemkumbusha Kombora kuwa shemeji alimvua unahodha akampa golikipa. Alikuwa ameshasahau. Nikamwambia mtu mwenye heshima zake hususa. Akauliza akisusa atakula wapi. Nikasema kwangu. Nimezaliwa kuongoza watu.

Alhamisi, 6 Machi
Hema ni chumba chetu cha wageni. Kombora amesusa kila kitu isipokuwa chakula. Mke wangu kauliza shujaa ataondoka lini. Nikamweleza habari za Wagiriki. Akasema bila shaka hawakuwa na wake. Vita yao ilianza kwa sababu ya mke wa mtu, lakini sikuona busara kulisema hilo.

Jumamosi, 8 Machi
Tumeshinda matatu bila. Shemeji alimpanga mbele fundi cherehani, beki mnene asiyejua kukimbia. Mpira ulimgonga kila mahali ukaingia. Nilishangilia, meno nje, roho inaungua. Nyumbani nilimkuta Kombora analia. Nikamtuliza kwamba mashujaa wa kale nao walilia sana. Akasema, "Kaka, mimi nilitaka kucheza tu." Akabeba viatu vyake, akaenda kumwomba shemeji radhi. Akaeleza yote.

Jumapili, 9 Machi
Uchaguzi. Nilihutubia kwa mtindo wa kale, mkono kifuani, nikilaani wafalme. Fundi cherehani akauliza hema liko nyumba ya nani. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kura niliyopata ni yangu mwenyewe. Hata mke wangu kampa kaka yake. Makamu mpya ni fundi. Mimi, kwa huruma ya shemeji, nimekabidhiwa nyavu za magoli.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji anadhani kaniweza. Nyavu ziko uvunguni mwa kitanda changu. Bila nyavu hakuna mechi, na bila mechi mwenyekiti ni wa nini? Nimesoma mbele kidogo. Wagiriki walipokwama, walitumia hila. Jumamosi nyavu zitapotea. Atakayezipata, mbele ya watu wote, ni mimi.