Mionzi Iliyoniisha Mapema

Kwa Mheshimiwa Daktari,
Kitengo cha Tiba ya Mionzi.

YAH: MIONZI YANGU KUISHA KABLA SIJARIDHIKA NAYO

Kwanza pokea heshima zangu na pole kwa kazi. Mimi ni yule fundi cherehani uliyempa kidonge cha mionzi kwa ajili ya tezi ya shingo. Tezi imetulia, moyo hauendi mbio tena, na mkono hautetemeki nikitunga uzi kwenye sindano. Kwa hilo sina neno. Ninayolalamikia ni haya:

1. Uliniagiza nilale peke yangu, nikae mbali na watu, nitumie vyombo vyangu na nisiipikie familia mpaka mionzi ipungue. Hukunionya kwamba nitayapenda maisha hayo. Tangu niolewe sikuwahi kula chakula kikiwa cha moto. Safari hii sahani iliwekwa mlangoni, hodi ikabishwa, na aliyeileta akatimua mbio. Mume wangu ni fundi umeme, na alikuwa hajui chumvi inakaa wapi. Alijifunza kupika wali, wa kwanza ukaungua, wa pili ukawa uji, lakini wa tatu ukalika. Wifi yangu, aliyekuja kututembelea akasahau kuondoka, alikumbuka ghafla kwamba ana kwake. Nyumba ikapoa. Ndipo mionzi ikaisha.

2. Mtaalamu wako wa vipimo alinitangaza kuwa niko salama mbele ya mume wangu, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi la wagonjwa. Habari za mgonjwa si ni siri? Wifi alirudi siku hiyo hiyo, na begi kubwa kuliko la kwanza.

3. Hili ndilo zito. Nilipojitetea kwamba huenda kuna mabaki yamejificha kwenye kiwiko, mtaalamu huyo alimweleza mume wangu kwa upole kwamba mionzi kidogo iko kila mahali: kwenye udongo, kwenye matofali, kwenye ndizi, hata miilini mwetu, na kiasi hicho hakimdhuru mtu. Elimu nzuri, ila imeangukia mikono mibaya. Sasa nikisema nimechoka, mume wangu hunitazama kama profesa.

"Mke wangu," anasema, "hata ndizi ina mionzi, na haijilazi mchana."

Kwa hiyo naomba dozi nyingine, kali kidogo, si ya tezi bali ya nyumba. Ikishindikana, nipewe kile kibao cha njano chenye alama ya hatari kilichopo mlangoni kwenu, nikipachike jikoni. Nacho kikikosekana, tutibuni familia nzima kwa zamu, kila mmoja afungiwe chumbani, nikianza mimi na nikimalizia mimi. Nimesikia mionzi hutumika kuua wadudu kwenye nafaka na vijidudu kwenye vifaa vya upasuaji. Kitu chenye uwezo huo hakiwezi kushindwa na wifi mmoja.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini na mama wa usafi. Mtaalamu wa vipimo naye msalimie, ila kwa mbali.

Ni mimi, niliyepona kupita kiasi,
Fundi Cherehani.

Nyongeza: Kuna jambo sikuliandika hapo juu, kwa kuwa barua zenu hufunguliwa na makarani. Mume wangu alikubali kwamba niko salama kwa masufuria, lakini mwenyewe aliendelea kulala kwenye kochi sebuleni. Sikumuuliza. Na mimi nina staha yangu. Sasa hivi, nikiwa natafuta bahasha, ameingia na mto wake kwapani, akasema kochi linamuumiza mgongo. Akakaa kitandani, karibu kabisa, akanigusa hapa shingoni taratibu, kama anavyogusa waya asiokuwa na hakika nao. Hakuuondoa mkono.

Daktari, ile dozi usiiandike. Nimepimwa upya, hapa hapa nyumbani, na niko salama.