Kitanda Changu na Kifo cha Zéphirin

Élisabethville, tarehe 14 Juni 1954

Kwa Mheshimiwa Mupe Gervais,
Padri na Mkurugenzi wa Kundi la Michezo ya Kuigiza, Parokiani

Mheshimiwa Mupe,

Mimi ni Donat Mwape, karani wa magazini, yaani bohari ya vyombo, kwenye karakana ya reli, Mkristo wa ndoa moja, na mwenye kile kitanda cha chuma chenye vichwa vinne vya shaba ambacho kundi lako liliazima kwa ajili ya mchezo wa Pentekoste. Nakuandikia kwa heshima yote nikiwa nimekaa juu ya kitanda hicho hicho, peke yangu. Mke wangu Léonie amekwenda kwa kaka yake huko Kambove, pamoja na mtoto wetu Edith na sufuria kubwa. Sufuria ndiyo inayonitia hofu. Mwanamke anayekwenda kusalimia tu hachukui sufuria kubwa.

Niseme mapema kwamba mimi sina wivu. Waulize watu wa magazini. Nyundo ikitoka naandika, nyundo ikirudi naandika, na katikati hapo sijawahi kuifuata nyundo kwenda kuona inafanya nini. Malalamiko yangu basi hayatoki katika moyo wa wivu. Yanatoka katika moyo wa utaratibu, na ndiyo maana nimeyapa namba.

1. Mchezo wenyewe. Kabla ya pazia kufunguliwa ulitueleza kwamba ni mchezo wa zamani sana wa Ulaya, wa jemadari mmoja mweusi aliyeoa kati ya Wazungu, akadanganywa na mtu wake wa karibu kwamba mkewe ana mwanamume mwingine, na ushahidi wote ni kitambaa cha mkononi kilichopotea. Ukasema umeurekebisha ili tuuelewe. Kwa kuwa mle ukumbini sisi wote tulikuwa weusi isipokuwa ninyi wa viti vya mbele, jemadari hakuweza kutofautishwa na mtu yeyote, basi ukampa kofia ya kapita, msimamizi wa vibarua. Hapo ndipo shida ilipoanzia, Mupe. Jemadari angemwua mkewe huko kwao Ulaya, nasi tungepiga makofi na kurudi nyumbani kula. Lakini kapita tunamjua. Anakaa mstari wa tatu wa kampi yetu ya wafanyakazi, nyumba ya nane, na siku ya Jumatatu alikuja magazini kuniomba koleo. Nilimsukumia mezani, nikarudi nyuma hatua mbili.

2. Zéphirin. Kwa kuwa wanawake hawaruhusiwi kupanda jukwaani, mke wa kapita aliigizwa na Zéphirin seremala. Sikatai kwamba alijitahidi, na gauni lilimtosha kiunoni. Lakini alikufa kwa muda wa robo saa nzima, juu ya godoro langu, akiwa na viatu. Mara mbili aliinuka kufunga vizuri kilemba chake, akafa tena. Wanawake walilia kila alipokufa. Léonie alilia kuliko wote, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akimlilia Zéphirin. Jambo hilo nililiweka kichwani, bila wivu.

3. Kitambaa. Hapa naomba Mupe asome polepole. Wanawake wa kampi hii wanajifunza kushona kwa Masista, na Sista mwenye darasa ana karatasi moja tu ya mfano: ua jekundu lenye majani matano mekundu. Kwa hiyo wanawake arobaini wana vitambaa arobaini vyenye ua lile lile. Cha mke wangu peke yake kina jani moja la kijani, kwa sababu siku hiyo uzi mwekundu ulimwishia na Sista alikuwa amekwenda kusali. Nakijua kitambaa hicho kama ninavyoijua namba ya kadi yangu ya kazi. Sasa fikiria hali yangu, nimekaa safu ya sita, pale Antoine mpiga tarumbeta wa bendi ya fanfare, aliyeigiza yule kijana anayesingiziwa, anapotoa kitambaa mfukoni na kujipangusa jasho. Ua jekundu. Jani la kijani.

Nakiri kwamba nilisimama. Nakiri pia kwamba nilipaza sauti: "Ile kitambala iko ya bibi yangu!" Ukumbi mzima ulipiga makofi, wakidhani nami nimepewa sehemu yangu. Antoine akaniinamia kutoka jukwaani akasema, "Ikala chini kwanza, baba, zamu yako haiyafika." Nawe Mupe, uliyekuwa mbele na karatasi zako, uligeuka ukanionyesha kidole gumba. Hicho kidole sijakisahau mpaka leo. Nilikataa kukaa, mlinzi wa mlango akanitoa nje.

4. Uchunguzi. Siku ya Jumatatu kitanda kilirudishwa, na mto wake, vikiwa na vumbi. Kitambaa hakikurudi. Siku ya Jumatano nilipita nyuma ya nyumba ya Antoine, kwa bahati tu, kwa mara ya nne, nikakikuta kimeanikwa kwenye kamba katikati ya mashati yake mawili. Nilikichukua kama kielelezo. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa majuma mawili Léonie alikuwa akipekua sanduku lake la nguo, na nikimwuliza anatafuta nini anasema si kitu. Mupe, mtu anayetafuta si kitu kwa majuma mawili anatafuta kitu.

Sikumwuliza Léonie juu ya kitambaa. Kapita wa mchezo naye, mpaka ninatolewa nje, alikuwa hajamwuliza mkewe, nami nilidhani ndiyo utaratibu. Badala yake nilimwuliza Antoine, akacheka. Nilimwuliza Zéphirin, akaanza kunionyesha tena jinsi alivyokufa. Nilimwuliza mama Clotilde anayeuza samaki wakavu pale sokoni, kwa sababu huyo anajua mambo ya watu kabla hayajatokea, na ile jioni kampi yote ilikuwa ikijua kwamba karani wa magazini anazunguka na kitambaa. Kila mwanamume aliyekiona alikimbilia nyumbani kuangalia kama cha mkewe kipo. Maua yote yanafanana, na wanawake huazimana, kwa hiyo wengi hawakuvikuta, na wengine walikuta viwili. Nkandu wa bohari ya mafuta alikuta vitatu na hajalala nyumbani tangu Alhamisi. Haya yote, Mupe, yametoka katika mchezo wako.

5. Mto. Hili ndilo lililonivunja. Kwa miaka tisa ya ndoa yetu, kila siku tukimaliza kula, mimi humwuliza mke wangu kama ameshasali. Ni desturi njema, na ni ninyi mapadri mliotufundisha. Alhamisi jioni nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba, nimeshika mto kwa mikono miwili, nikiukung'uta vumbi la jukwaa lenu. Nikamwuliza, kama siku zote, kwa upole, "Léonie, umeisha kusali?"

Sikujua kwamba katika mchezo wako kapita naye anamwambia mkewe asali kabla ya kumziba pumzi kwa mto. Sehemu hiyo sikuiona. Nilikuwa nje, na mlinzi aliponirudisha Zéphirin alikuwa amekwisha kuanza kufa. Lakini Léonie aliiona yote. Alipiga ukelele ambao Zéphirin hakuufikia hata kwa robo saa yake, akatoka na mfuniko wa sufuria kifuani, akalala kwa mama Clotilde. Asubuhi alirudi kuchukua mtoto na ile sufuria. Nilimweleza habari ya vumbi. Hakunisikiliza. Alisimama mlangoni akaniambia maneno haya, ambayo nayaandika kama alivyoyasema kwa sababu nayasikia mpaka sasa: "Uliuliza Antoine, uliuliza Zéphirin, uliuliza na mama wa ku soko. Miye njo haukuniuliza. Basi bakia na muto yako." Kisha akapanda treni ya Ijumaa.

6. Watoto wa shule wakinikuta njiani hujishika shingo na kuanguka. Sina zaidi juu ya namba hii.

Kwa sababu hizo namwomba Mupe mambo yafuatayo. Mchezo huo usichezwe tena katika kampi yoyote, wala Ruashi, wala huko Sakania ambako nimesikia mmealikwa. Ukilazimika kuchezwa, basi kitambaa kiondolewe, kapita aondolewe, na mke asife, jambo ambalo litapunguza pia uharibifu wa vitanda. Masista wapewe amri kwamba kila kitambaa kishonwe namba, kama tunavyofanya kwa spana, na namba hizo ziwekwe katika daftari moja ambalo mimi niko tayari kulitunza bila malipo. Zéphirin asivae gauni mpaka Pasaka. Na mwisho, Mupe mwenyewe aandike barua kwenda Kambove, yenye mhuri wa parokia, kuthibitisha kwa Léonie kwamba mimi Donat Mwape si mtu wa namna ile, kwamba nilitolewa ukumbini kabla ya kujifunza kuua, na kwamba kosa lote ni la mchezo, la Antoine na la yeyote aliyetoa kitambaa cha mke wa mtu bila idhini. Mtu huyo atafutwe. Mtu huyo, akipatikana, asimame mbele ya waumini wote siku ya Jumapili baada ya misa ya pili, akiri.

Nyumba ni kimya, Mupe. Edith alikuwa na tabia ya kupiga vile vichwa vya shaba kwa kijiko, nami nilikuwa nikimgombeza. Jana nilivipiga mwenyewe.

Nakuachia hapa, nikikuombea afya njema na michezo mingine isiyohusu ndoa. Nisalimie Frère, yule bruda wa jikoni, Sista wa darasa la kushona na karatasi yake moja, wapiga tarumbeta wote wa fanfare isipokuwa mmoja, na mlinzi wa mlango, ambaye alinitoa kwa adabu. Hata Zéphirin msalimie. Alikufa vizuri.

Ni mimi mtumishi wako katika utaratibu,
Donat Mwape

P.S. Mupe, nilitaka kuambatanisha bon, hati yetu ya kutoa vitu, kama ushahidi kwamba kitanda kilitoka nyumbani kwangu kikiwa kizima. Mimi hata vya nyumbani huviandikia bon. Nimefungua kitabu, nimeipata nakala ya kaboni, na nainakili hapa bila kuongeza neno. Kitanda cha chuma, kimoja. Godoro, moja. Mto, mmoja. Kitambaa cha mkononi chenye ua jekundu, jani moja la kijani, kimoja. Ametoa: D. Mwape. Ametoa idhini: D. Mwape.

Sasa nakumbuka. Alphonse wa kundi lako alikuja na mkokoteni, akasema, "Na kitambala moja, tata, kama iko." Cha Léonie kilikuwa kwenye kamba kikikauka. Nikakichomoa, nikasaini, kama ninavyosaini mara arobaini kwa siku. Yeye alikuwa kisimani. Majuma mawili alitafuta sandukuni kitambaa nilichokitoa mimi, akaona aibu kuniambia amekipoteza. Na Antoine, masikini, alikuwa amekifua ili akirudishe kikiwa safi.

Karatasi nzuri zimeniishia, siwezi kuiandika barua upya. Namwomba Mupe aanze kusoma kwenye P.S. na asipande juu. Jumapili, baada ya misa ya pili, nitasimama. Barua ya mhuri usiiandike. Nimeomba ruhusa ya siku mbili, na kesho napanda treni ya Kambove. Kitambaa nimekipiga pasi mwenyewe, nimekichoma kidogo pembeni, na nimekiandikia bon yake ya kurudisha. Anayerudisha: D. Mwape. Anayepokea: Léonie. Pale pa idhini nimepaacha wazi, asaini yeye akitaka.