Bango la Baba Mkwe

Nimeaibika leo mbele ya ukoo mzima wa mume wangu. Naandika nikiwa nimejificha nyuma ya jiko, hapa Mafinga, na nina hasira.

Baba mkwe amestaafu uinjilisti. Mimi nikakabidhiwa kazi ya bango: sura yake, kubwa kama mlango, lisimame getini siku ya sherehe. Nikamwomba shemeji yangu Festo picha, maana ndiye aliyeipiga. Akanitumia skrinshoti ya stetasi. (Ina hadi alama ya chaji juu.)

Fundi wa mabango pale Mbalizi, ninakoishi, akaikataa. "Dada, hii ni ndogo. Nikiikuza inakuwa vigae vigae. Leta yenyewe iliyotoka kwenye kamera."

Nikampigia Festo.

"Shemeji, naomba picha yenyewe."

"Mbona hiyo inaonekana vizuri tu?"

"Kwenye simu, ndiyo. Kwenye bango haitoshi."

"Si uizoom."

Kuzoom! Kana kwamba ukivuta chapati inaongezeka unga. Nikakata simu. Fundi akaniambia ana programu ya kusafisha picha, nikakubali. (Hapo akili ilikuwa imeniaga.) Nikalichukua bango limeviringishwa, nikawahi basi bila kulifungua.

Tumelifungua leo, wageni wamejaa. Ile programu haikusafisha kitu, imebuni. Baba mkwe hana meno mawili ya mbele. Huyu wa bangoni anayo yote, meupe. Mashavu laini, nyusi za mtu mwingine kabisa. Kwaya iliyokuwa inaimba ikafifia, sauti moja moja, mpaka kimya.

Wageni wa kutoka Nyololo wakafika getini, wakaliangalia, wakaniuliza kwa adabu, "Samahani mama, kwa Mwinjilisti Yohana ni nyumba ipi?"

Mama mkwe akasogea. Akalitazama weee. "Mwanangu, huyu baba ni mzuri. Ana mke?"

Watu wakavunjika mbavu. Baba mkwe hakucheka. Amepiga picha zote za leo amebana midomo, siku yake mwenyewe, na hilo ndilo linaloniuma. Festo ananipita na sahani ya pilau, ananiambia fundi wangu hajui kazi.

Sasa mama mkwe anataka bango litundikwe sebuleni. Baba mkwe amesema achague, yeye au huyo kijana. Wameniita ndani niamue.

Atakayecheka kwenye komenti, aje aamue yeye.