Ulimi wa Mbuzi na Maji ya Majivu

Jumatano, 6 Agosti
Imetosha! Miaka nenda rudi Ibezim ndiye mpishi wa rika letu, na mpishi ndiye hula ulimi wa mbuzi. Sisi wengine tunagombania mashavu. Leo nimesimama kikaoni: tushindanishwe Jumamosi, sikukuu ya viazi vikuu vipya. Mshindi achukue chungu, na ulimi, mpaka afe. Mzee Onuoha, mwenyekiti, kakubali. Ibezim kacheka mpaka kofia ikamdondoka, akauliza ni lini mara ya mwisho nilichemsha hata maji ya kuoga. Mshenzi.

Alhamisi, 7 Agosti
Siri yote ya kupika mbuzi huyu ni mawese. Yapige na maji ya magadi, yanakuwa rojo la manjano linaloganda kwenye nyama. Bila magadi, mafuta matupu. Nami nilifika darasa la nne! Mwalimu alisema tindikali na magadi vikikutana, kila kimoja huvunja makali ya kingine. Basi Ibezim yuko shambani, mimi niko jikoni kwake, nakamulia ndimu kwenye kibuyu chake cha magadi. Pssss! Povu mpaka kwenye viatu. Akaingia mke wa mwanawe. Nikasema nimekuja kusalimia. Akaniuliza kama siku hizi naamkia vibuyu.
Jioni nasikia Ibezim ameloweka magadi mengine. Ndimu zangu!

Ijumaa, 8 Agosti
Nimegundua! Magadi kidogo, rojo zito. Basi makali zaidi, rojo zito zaidi! Nimechoma mikungu mitupu ya michikichi, nimechuja majivu, maji yake nimeyachemsha mpaka yanateleza vidoleni kama kambare. Nikayatia kwenye mawese, nikakoroga motoni kutwa. Mke wangu Mgbafo kachungulia. "Baba Nkemdi, marehemu mama alikuwa anapika hivyohivyo. Ila yeye hakuwa anakula." Wivu tu! Mwiko umesimama wenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti
Mzee Onuoha kaonja wa kwanza. Katafuna. Kasita. Povu moja pembeni mwa mdomo. La pili. Kisha meza nzima, wazee wenye vyeo vyao, wanatoa mapovu kama kaa! Ibezim akaitisha wembe, akasema maadamu tumeshapakwa povu, tunyolewe ndevu kabisa.
Nikakumbuka dawa: ndimu! Nikamkamulia Mzee bakulini. Chakula kikachemka bila moto, kikakatika vipandevipande kama maziwa aliyocheua mtoto. Mzee, huku anasukutua, akasema wakati wa vita alikula mijusi, na mijusi ile ilikuwa na adabu kunishinda.
Ibezim kala ulimi. Polepole. Ananitazama.

Jumapili, 10 Agosti
Mgbafo kafinyanga rojo langu lote mabonge, kafulia mashuka. Meupe! Majirani wamejaa uani.
Halafu nani anabisha hodi? Ibezim! Kanzu yake ya sikukuu ina doa la mawese kifuani. Kasema kwa upole, "Ndugu yangu, nigawie kidogo kile ulichopika jana."
Nilijua! Mtu hatoki kwake asubuhi kwenda kuomba chakula kibaya. Jana aliona haya mbele za watu, basi. Nimempa bonge kubwa, kwenye sahani, na kijiko juu. Kaangalia kijiko, kaniangalia mimi, kauliza kama nitapika tena.
Nitapika! Mikungu mingine inawaka nyuma ya nyumba. Safari hii nazidisha majivu.