Chumvi Kidogo Tu

Jumatatu, 4 Machi
Binti yangu kamaliza sanduku lake! Ndani jeusi tii, juu kioo. Jua linapasha hewa, hewa inapita juu ya maji ya chumvi ya kisima, inabeba mvuke, mvuke unapoa kwenye bomba na kudondoka maji safi, chumvi inabaki nyuma. Nimeelewa! Nimeelezwa mpaka mtoto kakauka koo. Jumamosi mhandisi wa zahanati anakuja kupima. Akiridhika, mwanangu kapata kazi. Asiporidhika... sitaki hata kuandika.
Wifi kapita, kauliza jeneza ni la nani. Nikamwambia asogee tumpime.

Jumatano, 6 Machi
Mwanangu analalamika hewa haipati joto la kutosha. Mama si nipo! Alipotoka, nikalifunika sanduku kwa blanketi zito, lile la wageni. Karudi, kashika kichwa. Kumbe joto linatoka juani. Mbona yeye nilimfunika hilohilo na akakua? Kutwa nzima halikutoka hata tone. Wifi kachungulia ukutani, kasema angalau marehemu hasikii baridi.

Ijumaa, 8 Machi
Jua kali, chupa imejaa! Mwanangu kajilaza, hoi. Nikaonja. Mungu wangu! Hayana ladha yoyote. Yamepooza kama mchuzi wa wifi. Mhandisi atakunywa haya? Nikatia chumvi, kidogo tu, ya vidole. Nikaonja tena. Sasa hapo!

Jumamosi, 9 Machi
Mhandisi katumbukiza kipimo, kikalia. Chumvi! Kauliza kwa upole kama hili sanduku linasafisha maji au linayaunga. Mwanangu kanyong'onyea. Halafu kanigeukia taratibu. Mtoto wa tumbo langu, ananijua. Kaniuliza mbele za watu mkebe wa chumvi uko wapi. Nikasema nilitia kidogo tu. Wifi kacheka mpaka kakaa chini.
Mhandisi naye kacheka, kaweka chupa tupu chini ya bomba, kasubiri mwenyewe. Kipimo kimya! Kaonja, kasema maji matamu haya, ndivyo atakavyowaambia wakubwa wake. Matamu wapi? Basi tu, nikaitikia. Kazi ni ya mwanangu, wakubwa wa zahanati wakishaonja Jumanne. Mhandisi kaomba siku hiyo mama apumzike ndani.

Jumapili, 10 Machi
Nimekosea, nakubali. Chumvi haikuwa yenyewe. Ila wakubwa wameahidiwa maji matamu, na mimi nimeyaonja. Siwezi kumwacha mwanangu aaibike.
Sukari nimeshaificha chini ya kitanda.